Watu Kumi wa Mzee Izaki

Tangu nirudi, nikipita sokoni Kilindoni nasimamishwa kila hatua tatu. "Makame, mzungu wako umemwacha wapi?" "Makame, umemsahau kwenye basi?" Nimeeleza kwenye vibaraza, nimeeleza msikitini watu wakivaa viatu, na bado juzi mtu wa Kirongwe kanipigia simu anataka nianze upya. Basi naandika mara moja, msome wote, mniache. Habari za tiketi, pasi na mihuri nimeziruka. Hazina utamu, na nikizikumbuka presha inapanda.

Kwa wageni watakaosoma: mimi ni Makame, mzaliwa wa Kiegeani, kisiwani Mafia. Niliondoka hapa na kandambili, nikakaa Johannesburg miaka ishirini na miwili katika jiko la makao ya wazee wa Kiyahudi. Nilianza kwa kusugua masufuria. Nilimaliza nikiwa meneja wa jiko, watu kumi na wanne chini yangu, na stashahada ya usimamizi wa mapishi ambayo mkija kwangu mtaiona sebuleni, ina fremu na kioo. Nyumba yangu ya Kilindoni ina vigae mpaka barazani. Hakuna aliyenijengea.

Chumba

Mzee Izaki ni fundi saa mstaafu. Alizaliwa Nakuru, Kenya, akahamia Johannesburg akiwa kijana, na Kiswahili chake ni kile cha bara ambacho watu wa Mafia wakikisikia wanaziba midomo. Kila Ijumaa alikuwa anakuja pale makaoni kuwasomea wazee wasioona. Ndipo tulipojuana.

Mwaka jana alinipigia simu. Mkewe amefariki, jengo alilopanga limeuzwa, na pensheni yake haitoshi kupanga tena karibu na sinagogi, ambalo ndilo nyumba yao ya ibada. Wanawe wako Australia, wanamwita, hataki. "Mimi nilizaliwa Afrika," alisema. "Nataka kuzeeka Afrika, mahali ya bei rahisi, na iko Wayahudi."

Nikamwambia aje Mafia. La Wayahudi nililipita kimyakimya.

Nikamjengea chumba, na kilikuwa chumba kweli. Mlango mpana, hakuna kizingiti cha kumkwaza, choo chenye vyuma vya kushikia, taa ya kusomea kitandani. Na kwenye mwimo wa mlango nikapigilia mezuza. Mezuza ni kijisanduku chembamba, kirefu kama kidole, ambacho Wayahudi hukiweka milangoni mwao. Mtu akipita hukigusa na kubusu vidole. Pale makaoni nilizipangusa mezuza za milango yote kwa miaka, na siku ya kuniaga, kwa kuwa walikuwa wanabadilisha milango ya zamani, walinipa moja iwe kumbukumbu. Nikaipigilia vizuri, imeinama kidogo kama inavyotakiwa. Niambieni ni nani mwingine katika kisiwa hiki angejua kwamba lazima iiname.

Alifika kwa ile ndege ndogo. Nilimpeleka mlangoni, nikamwonyesha kwa mkono. Akaigusa mezuza. Akasimama kidogo, akaigusa tena.

"Makame," alisema, "hii chumba iko mzuri kushinda zote nimewahi kulala."

Akaingia, akakaa kitandani, akajaribu taa. Kisha akauliza, "Sasa, watu kumi iko wapi?"

Kwa Wayahudi wa namna yake, sala zao kubwa hazisaliwi mpaka watimie wanaume kumi. Na siku ya Sabato hawapandi gari, kwa hiyo hao kumi lazima wawe umbali wa kutembea. Haya yote niliyajua. Nilidhani akiona bahari atayasahau.

Hakuyasahau. Nilimpeleka Utende, kwenye lango la hifadhi ya bahari, ambako askari aliuliza, "Huyu mtalii?"

"Mstaafu," nikasema.

"Mstaafu wa wapi?"

"Bado anatafuta," akajibu mzee mwenyewe.

Nikamvusha mpaka kisiwa cha Juani nikamwonyeshe magofu ya Kua. Nilikuwa na maelezo ya nusu saa kichwani, kuhusu mji mkubwa na kuta za mawe na matumbawe. Yeye akaenda kukaa ndani ya gofu la msikiti, akatazama kibla, akauliza, "Hapa walikuwa wangapi kwa sala?" Mtu unamleta kwenye historia, yeye anahesabu watu.

Na chakula! Dada yangu Saumu wa Kiegeani alipika pweza wa nazi na kamba wa kukaanga, heshima ambayo hata mimi sikuipata nilipotoka Johannesburg. Mzee akala wali mtupu aliojipikia kwenye sufuria yake. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mgeni ana vidonda vya tumbo. Ikabidi nieleze: samaki anakula, lakini awe na mapezi na magamba.

"Na pweza?" Saumu akauliza.

"Pweza ana magamba wapi, dada?"

"Mimi nitajuaje mila za watu? Ungeniambia kabla sijamponda saa nzima."

Kesho yake akaleta samaki wanne wa kuchoma, aina ya changu, hawajaparuliwa hata gamba moja. "Ayaone mwenyewe," alisema, "asije akadhani namdanganya." Mzee Izaki alicheka mpaka akavua miwani. Akawala wote wanne, akitema magamba pembeni ya sahani, na toka siku hiyo Saumu akawa hamparui samaki wake. Nilipika vyakula vya Kiyahudi miaka ishirini na miwili na sikuwahi kupigiwa makofi kama yale.

Baada ya wiki mbili nilikwenda dukani kwa Bwana Abasi, aliyeniuzia bawaba za mlango ule. Babu yake alitoka India akafungua duka, na wao ni Waislamu wa madhehebu yao, wana mikusanyiko yao. Nikamlalamikia. Nilitegemea anihurumie.

"Makame," alisema, "sisi hapa tulikuwa familia ngapi? Sasa nikitaka majlisi ijae napiga simu Dar watu wapande boti. Wewe umemjengea mzee ukuta. Yeye anauliza watu."

"Bwana Abasi, hata wewe?"

"Hata mimi. Bawaba zinafanya kazi lakini?"

Mzee alikuwa na barua za mialiko kutoka Arusha, Nairobi, na kilima kimoja karibu na Mbale, Uganda. Nikamwambia nitamsindikiza kote, aone kwa macho yake. Sitawaficha: nilikuwa na hakika atakata tamaa, arudi Mafia, chumba kipate mwenyewe. Nilibeba nguo za siku nane.

Kilindoni hadi Nyamisati

Boti ya kwenda Nyamisati, bandari ya ng'ambo, bara, ilikuwa iondoke saa kumi na mbili asubuhi. Maji yalikuwa yametoka, boti imelala upande, nahodha anakunywa chai. Tuliondoka saa nne. Mzee alikuwa na begi moja la nguo na sufuria yake mwenyewe iliyofungwa kwenye taulo, kwa sababu hali chakula kilichopikwa kwenye chombo kilichopikiwa pweza. Mama mmoja akamwomba aisogeze akae. Mzee akaipakata sufuria mapajani kama mtoto mchanga, na ikawa hivyo safari nzima.

"Babu ana nini humo?" mama akaniuliza.

"Hakuna kitu."

"Sufuria tupu inapakatwa?"

Watu wakacheka. Mimi, mwenye stashahada ya mapishi, nikatazama baharini.

Arusha

Dar tulilala tu. Basi la Arusha liliharibika feni karibu na Korogwe, tukakaa chini ya jua tukila machungwa. Nilimweleza dereva tatizo ni mkanda. Akasema si mkanda. Ulikuwa mkanda.

Arusha walitupokea kwenye nyumba ya mtu, watu wema, chai nzuri, kitabu cha sala mezani. Mzee akauliza swali lake. Mwenyeji akafikiri, akahesabu kwa vidole, akasema inategemea nani yuko safarini. Wengi wao ni watu wa mikataba na biashara. Mwezi huu wako hapa, mwezi ujao hawapo.

Tulipotoka nje nilikuwa mchangamfu sana. "Umeona?" nikasema. "Mafia angalau bahari haisafiri."

Mzee alitembea polepole mpaka kwenye gari. "Wewe iko furaha, Makame," alisema. Nikamfungulia mlango. Mtu akikujua sana ni usumbufu.

Nairobi

Nairobi ilikuwa kinyume. Sinagogi la mawe, bustani, watu waliokumbuka jina la baba yake. Walimkalisha mbele. Alisali nao Alhamisi asubuhi, nami nilikaa nje kwenye benchi na mlinzi, tukibishana kuhusu ugali wa Kenya ambao kwa maoni yangu ya kitaalamu ni mgumu mno. Mzee alitoka uso unang'aa, nikajua nimeshindwa.

Mchana tukatafuta nyumba za umbali wa kutembea. Nyumba tatu tulizoziona, kodi ya kila moja ingemeza pensheni kabla mwezi haujafika katikati. Ya nne ilikuwa chumba cha uani, na mwenye nyumba akasema mpangaji haruhusiwi kupika. Mzee akaitazama sufuria yake.

"Mbali kidogo bei ni nafuu," dalali akasema. "Unapanda basi dakika ishirini."

"Jumamosi mimi napanda miguu," akajibu.

Safari hii sikufurahi. Nilijilazimisha, haikuja. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kofia mkononi, mtu wa miaka sabini na minane anayeulizwa na dalali mwenye miwani ya jua kama ana mdhamini.

Nakuru, ambako hatukuwa na shughuli

Ijumaa tulipanda basi la saa moja asubuhi kwenda Malaba, mpakani mwa Uganda. Hesabu yangu ilikuwa safi: tunafika mchana, tunavuka, saa kumi tuko Mbale, jua likizama Sabato inamkuta amekaa kitini. Niliiandika kwenye karatasi. Jikoni kwangu sikuwahi kuchelewesha chakula cha Ijumaa hata siku moja.

Basi likasimama Nakuru, dakika kumi za choo na chai. Nilirudi na maandazi, kiti cha mzee kitupu. Sufuria iko, mzee hayuko.

Nilimkuta mtaa wa pili, ndani ya duka la simu. Amekaa kwenye stuli, kikombe cha chai mkononi, mwenye duka anamsikiliza mdomo wazi.

"Hapa ilikuwa meza ya baba yangu," mzee alikuwa anasema, anaonyesha kabati la vioo lenye chaja. "Saa zote ya treni alitengeneza hapa."

"Mzee, basi!"

"Na dirisha iko ile ile, Makame. Angalia chuma."

"Mzee Izaki, basi linaondoka!"

"Muache amalize chai," mwenye duka akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Tulipofika stendi, mizigo yetu ilikuwa chini ya mti, sufuria juu yake, basi limekwenda. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Miaka sitini sikuona ile dirisha." Ukimgombeza mtu wa namna hiyo unajiona mnyama, na usipomgombeza unapasuka.

Tulipata basi jingine saa sita.

Malaba

Malori yalikuwa yamejipanga kilomita kadhaa kabla ya mpaka, basi likatambaa. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa bado upande wa Kenya. Mzee alikuwa anatazama jua dirishani kama mtu anayetazama maziwa yanayokaribia kuchemka. Kisha akasimama na kumgonga kondakta begani.

"Shusha mimi hapa."

"Mzee, Malaba ni pale tu."

"Jua ni pale tu pia."

Tukashuka. Gesti ya kwanza tuliyoiona tukaingia mbio, mimi na mabegi mawili na sufuria, kwa sababu jua likishazama yeye habebi mzigo barabarani. Alifika mlangoni mikono mitupu kama waziri, mimi nyuma natiririka jasho. Mwenye gesti, mama mnene mwenye leso kichwani, akanipokea kwa huruma.

"Wewe ndiye mfanyakazi wake?"

"Mimi ni meneja," nikasema.

Tulikaa pale mpaka Jumapili. Ijumaa yangu mimi ilikuwa imenipita ndani ya basi, sasa Sabato yake ikanifungia chumbani. Alikuwa na mikate miwili, mayai ya kuchemsha na makopo ya dagaa wenye magamba. Taa hawashi wala hazimi. Mama mwenye gesti, kwa ubanaji wake wa umeme, akapita akaizima. Mzee hakuniambia niiwashe, kwani kumwagiza mtu pia hakuruhusiwi. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Humu iko giza kweli."

Nikainuka nikawasha. Lugha hiyo ninaijua. Nimeambiwa "supu imepoa" na wazee mia moja.

"Amekatazwa na daktari kugusa swichi?" mama akaniuliza mlangoni.

"Amekatazwa na Mungu."

"Basi pole yake," akasema, na hakuizima tena.

Jumamosi mchana joto lilikuwa kali, hakuna pa kwenda, nikayasema yaliyokuwa moyoni. Nikamwambia nilitaka safari ishindwe. Nilifurahi Arusha, nilitaka arudi akae kwenye chumba nilichojenga.

"Mimi najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Wewe iko mtu wa kulipa. Lakini mimi sikufanya kitu. Nilisoma maswali tu. Majibu ilikuwa yako."

Hapa niseme jambo ambalo huwa silisemi. Mimi nimejitengeneza mwenyewe, hilo mnalijua. Lakini mitihani ya stashahada ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha masufuria. Mzee Izaki alikuja kila Ijumaa saa moja kabla ya zamu yake, miezi kumi na minne, akakaa nami kwenye stoo ya mchele akinisomea maswali mpaka nikayaelewa. Hakuna aliyemwomba. Cheti kina jina langu peke yangu, na ni sawa, majibu yalikuwa yangu. Lakini nimeona niliandike.

Kilimani

Jumapili tulivuka, tukafika Mbale, tukapanda kilima kwa gari mpaka barabara ilipokwisha, kisha kwa miguu kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa. Nilianguka mara mbili. Mzee hakuanguka.

Wayahudi wa kilima kile ni wakulima wa kahawa na ndizi, weusi kama mimi, na dini waliishika tangu kwa babu zao. Mwenyeji wetu, Mwalimu Yakobo, alifundisha shule Kenya miaka mingi kwa hiyo Kiswahili kilikuwepo. Sinagogi lao ni la matofali na mabati. Nililikagua jiko la pamoja nikaona makosa manne, nikamweleza. Alinishukuru, akaendelea kufanya vilevile.

Jioni waliimba. Wanawake, wazee, watoto, ngoma moja, zaburi za Kiebrania kwa sauti za kwao. Mzee alijaribu kuimba nao, akapotea, akarudi, akapotea. Nilimtazama nikafikiri: basi, hapa wapo mia, ni kama Nairobi, hatakuwa mtu wa pekee, hakuna atakayemhitaji.

Jumatatu asubuhi mvua ilinyesha. Jumatatu ni siku yao ya kusoma Torati, na lazima wawe kumi. Nilisimama kibarazani mwa sinagogi nikijikinga. Walikuja mmoja mmoja, wameweka majani ya mgomba kichwani. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, vijana wako bondeni. Yakobo akawahesabu. Kisha akanieleza kwamba tangu afariki mzee mmoja wa kilima cha pili, Jumatatu za mavuno wanakuwa tisa, wanasali kila mtu peke yake, Torati haitolewi kabatini.

"Na leo?" nikauliza.

"Leo tulikuwa tisa," alisema. Akamtazama Mzee Izaki aliyekuwa anapangusa miwani kwa shati. "Mzee, karibu ndani."

Aliingia. Sikuona uso wake, niliona mgongo tu, na mgongo ule niliujua ukiwa umepinda. Walifungua kabati.

Niliyaelewa yote papo hapo, na nilikasirika sana. Nchi tatu, mabasi matano, matope mpaka magotini, ili nimpeleke mwenyewe kwa mkono wangu mahali ambapo hatatoka.

Nyumba ya kupanga ilikuwepo, ya marehemu yule, lakini iko mbali. Wakampa nyingine ndogo chini ya sinagogi, kwa bei ambayo hata mimi niliiona ya aibu. Alipima kwa hatua zake: mia na ishirini na sita. Akacheka kama mtoto. Mchana ule ule watu wanne walikuwa wamekuja na saa zilizokufa.

Ikabaki mezuza. Mwalimu Yakobo alileta moja ya mbao, iliyochongwa pale pale. Nikajitokeza. "Leteni nyundo," nikasema. "Mimi hii kazi naijua. Nimeshapigilia moja Kilindoni." Nikapima, nikaiinamisha, nikagonga msumari wa kwanza.

"Ngoja," Yakobo akasema. "Karatasi hujaiweka."

"Karatasi gani?"

Nikashusha nyundo. Yakobo alikuwa ameshika kipande cha ngozi kilichoviringishwa, kidogo kama sigara, kina maandishi ya mkono. Akaniambia kwa upole, kama anavyomwambia mwanafunzi, kwamba kijisanduku ni ganda tu. Mezuza yenyewe ni haya maandishi ya ndani. Bila hayo umepigilia kijiti.

Miaka ishirini na miwili nilizipangusa. Sikuwahi kufungua hata moja. Na ile niliyopewa siku ya kuagwa, bila shaka walitoa ngozi yake kwanza, kwani hiyo haigawiwi kwa kumbukumbu.

Nikamgeukia Mzee Izaki. "Ya Kilindoni ni tupu."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Niligusa, ikacheza kwa msumari. Nyepesi."

"Na hukusema?"

"Wewe ilikuwa inasimama mlangoni na furaha kama bwana harusi. Mimi niseme nini?"

"Mbona kila asubuhi uliigusa? Wiki mbili nzima nilikuona! Unagusa, unabusu vidole!"

Akaniangalia kana kwamba swali langu ni la mtu mvivu darasani. "Makame," alisema, "kwani nani aliiweka?"

Nikachukua ile ngozi kwa Yakobo, nikaiingiza mwenyewe, nikapigilia msumari wa pili. Msumari ulipinda. Nikaupigilia mwingine.

Kurudi

Njia ya kurudi siielezi. Ilikuwa ile ile, na feni nyingine ikaharibika. Nilikuwa na begi moja tu la kubeba na bado nilichoka zaidi ya mwanzo. Kwenye boti ya Nyamisati nilikaa karibu na mama mmoja mwenye kuku, mapaja matupu, nikajikuta natafuta kitu cha kupakata.

Kwa hiyo jibu ndilo hilo. Sikumuuza, sikumsahau. Yuko kilimani, anakamilisha watu. Ananipigia simu Jumapili. Wiki iliyopita alisema, "Makame, Jumatatu tulikuwa kumi na moja. Ningeweza kulala."

"Ukalala?"

"Hapana."

Kisha akauliza kama samaki changu bado wapo, akaahidi kwamba baada ya mavuno atakuja kunitembelea mwezi mmoja, na ataleta ngozi ya mlango wake wa Kilindoni. Akasema, "Sanduku usitoe. Na ambia Saumu asitoe magamba."

Bwana Abasi ameniuliza kama nitakipangisha chumba kwa watalii wazamiaji wanaokuja kuangalia papa potwe. Nimekataa. Kina mwenyewe. Nimenunua sufuria mpya, haijawahi kuona pweza wala kamba, nimeifunga kwenye taulo na kuiweka juu ya kabati mle ndani. Dada Saumu ameshajaribu mara moja kuiazima kwa ajili ya arusi. Nawaomba wote, kwa heshima na taadhima: atakayeigusa sufuria ile, asinisalimie tena.